Sura ya Sita: Toa Gunia Kwanza

Mjomba wangu alirudi kwa fundi wa miguu bandia mwaka mmoja kasoro mwezi baada ya kupewa mguu wake. Kabla hata hajakaribishwa aliuweka juu ya meza kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

"Kijana wangu, mguu huu umepungua."

Fundi akaugeuza, akaingiza mkono ndani ya kikombe, ile sehemu ya juu inayopokea kigutu, akapapasa kuta zake pole pole. Kisha akamtazama mjomba, kwa adabu, akauliza, "Mzee, umeongeza kilo ngapi?"

"Sijaongeza kitu. Nimekula chakula cha nyumbani tu."

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, nimeshika koti lake. Najua hakuwa anadanganya. Aliamini kabisa kwamba plastiki ndiyo iliyonywea, pengine kwa baridi yetu ya Keringet, na sisi wote nyumbani tuliamini hivyo. Tulikuwa tumeshauzungumzia mguu ule kwa miezi: mkanda wake, kiatu chake, nauli ya kuupeleka Nakuru. Uzito wa mwenye mguu hatukuwahi kuutaja hata siku moja.

Na Keringet ni mji unaoishi kwa mizani. Maziwa hupimwa alfajiri, ukungu wa upande wa msitu wa Mau ukiwa bado haujainuka. Majani ya chai hupimwa yakining'inia kwenye ndoana. Viazi ndivyo vyenye kesi nyingi zaidi: tangu kanuni za mwaka 2019 zilipoweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, hata mtoto wa shule anajua lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, ni nini na ni nani anayeibiwa nalo. Karani yeyote wa stoo ya viazi anajua kwamba huandiki namba kabla ya kutoa uzito wa gunia lenyewe. Lakini mtu akirudi kutoka hospitali akiwa na mguu mmoja, ujuzi wote huo tunauacha getini.

Mguu una uzito wake. Waliopima viungo vya binadamu wanakadiria kwamba wayo peke yake ni kama asilimia 1.5 ya uzito wa mwili. Kuanzia goti kwenda chini ni karibu asilimia 6. Mguu mzima, kuanzia nyonga, ni asilimia 16. Mjomba alikatwa wa kulia, chini ya goti, baada ya lori la viazi kuteleza asubuhi ya mvua na kumbana ukingoni mwa barabara ya kwenda Molo. Kadi yake ya kliniki ya presha, iliyoandikwa miezi michache kabla ya ajali, inasema kilo 72. Asilimia 6 ya kilo 72 ni kilo 4 na ushee. Kwa hiyo siku ile alipotoka chumba cha upasuaji, hata kama hakukonda gramu moja, uzito wake wa haki ulikuwa chini kidogo ya kilo 68.

Hapo ndipo mizani inapomdanganya mtu mchana kweupe. Mwaka ukipita, apande, isome 72, nyumba nzima itashukuru: mzee hajabadilika, yuko vile vile. Kumbe mahali pa mguu pameshajazwa kilo 4 za mafuta. Siku ile kwa fundi mizani ilisoma 76. Sisi tukahesabu nyongeza ya kilo 4, na mjomba akaona si neno, mtu hunenepa akipumzika. Nyongeza ya kweli ilikuwa kilo 8. Daktari akitaka kumlinganisha na jedwali la kawaida la uzito na urefu, hana budi kwanza aurudishe mguu katika hesabu kwa kugawanya uzito wa sasa kwa 0.94. Zile 76 zinakuwa 81. Nimeona fomu za kliniki ambazo hazifanyi hivyo, na nimeona nyingine ambazo sehemu ya uzito imeachwa tupu kwa sababu mgonjwa hakuweza kusimama kwenye mizani na hakuna aliyemshika mkono.

Kilo 8 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye upendo, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliopenda. Mtu amepotea njia ya kaburi akarudi, utamfanyia nini? Utamweka karibu na moto, kwa sababu huku juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa saba baridi huingia hadi kwenye mifupa. Utamwekea mto chini ya kigutu. Utamletea chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari, kisha mgeni atakuja kumpa pole na chai itapikwa upya, na mgonjwa hawezi kuacha mgeni anywe peke yake. Ugali, viazi, maziwa ya mursik, ugali tena. Mwanzoni hatukukosea. Kidonda cha upasuaji hudai chakula, hasa maziwa, mayai, maharagwe na nyama, na wiki zile za kwanza hazikuwa wakati wa kumhesabia mtu matonge. Kosa letu ni kwamba kidonda kilifunga na mikono yetu haikuacha kupakua.

Vijiko vitatu mara vikombe vitano ni vijiko 15 kwa siku, kama gramu 60 za sukari, kalori 240 hivi. Mtu wa uzito wake huhitaji karibu saa nzima ya kutembea taratibu kuzitumia. Zamani mjomba hakuwa na haja ya kuzihesabu. Aliamka saa kumi na moja, akakamua, akabeba mtungi wa maziwa hadi barabarani, akarudi, akapalilia, akafuata ng'ombe. Kazi hizo zote tulimpokonya kwa heshima kubwa. Hata kuni alikatazwa kuzigusa.

Yaliyompata yamewapata wengi. Utafiti uliowafuatilia wanajeshi wastaafu wa Marekani ulionyesha kwamba kuongezeka uzito baada ya kukatwa mguu ni jambo la kawaida. Mwaka 1996 mtafiti wa Urusi, S. F. Kurdibaylo, aliandika kuhusu watu wazima waliokatwa miguu na akakuta unene wa kupindukia ukipanda ngazi kwa ngazi: waliokatwa chini ya goti walikuwa na nafuu, waliokatwa juu ya goti walikuwa na hali nzito zaidi, na waliopoteza miguu yote miwili walizidi wote. Kabla ya hapo, mwaka 1980, Hrubec na Ryder walikuwa wamechapisha kumbukumbu za askari wa Marekani waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, wakaonyesha kwamba waliokatwa miguu juu ya goti walikufa kwa magonjwa ya moyo kwa wingi kuliko wenzao. Risasi ilikuwa imeshapita miaka mingi. Kilichowafuata ni moyo na mishipa ya damu, katika miili iliyolazimishwa kutulia.

Ili mtu aelewe kwa nini kilo chache zinamtoa mzee barabarani, inafaa amwone fundi akichukua kipimo. Anafunika kigutu kwa soksi nyembamba, anailowesha, kisha kwa kalamu isiyofutika anatia alama pale mfupa ulipo karibu na ngozi: ukingo wa mbele wa mundi wa mguu, na kile kifundo kidogo cha mfupa kilicho nje, chini ya goti. Hapo ndipo pasipotakiwa kukandamizwa. Kisha anazungusha bandeji ya plasta iliyoloweshwa, na ikiwa bado laini anabonyeza kwa vidole gumba viwili chini ya pia ya goti, kushoto na kulia mwa kano nene iliyo pale. Kano ile inaweza kubeba uzito bila kulalamika. Plasta ikikauka inavuliwa kama ganda, inajazwa, na sanamu ya kigutu inayopatikana huchongwa kwa tupa: hapa punguza, hapa ongeza. Mwisho plastiki iliyotoka kwenye oveni, laini kama ugali mwembamba, inavishwa juu ya sanamu.

Plastiki hiyo ina historia inayotuhusu sisi wa mashamba. Huko Jaipur, India, mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walibuni wayo wa mpira unaoweza kukanyaga tope, kupanda mti na kukaa mkao wa kuchuchumaa, kwa ajili ya watu ambao hawaishi kwenye sakafu za vigae. Baadaye kikombe chake kikawa kinatengenezwa kwa plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nayo ilikuza miguu ya polipropilini katika nchi zilizojaa mabomu ya ardhini, Kambodia ikiwa mojawapo. Mafundi wa ukanda wetu wamesomea kazi hii Nairobi, na pia Moshi, Tanzania, ambako chuo cha TATCOT kilicho katika hospitali ya KCMC kimekuwa kikifundisha tangu 1981. Nawaheshimu sana watu hawa. Lakini hata fundi hodari kuliko wote anatengeneza kikombe cha mwili wa siku moja: siku ya plasta.

Mwili ukinenepa, kigutu nacho kinanenepa. Kilo 2 au 3 zinatosha. Asubuhi mzee anasukuma, anasukuma, na kigutu hakifiki chini. Vile vidole gumba vya fundi sasa vinabonyeza mahali pengine, chini ya kano, na kifundo cha mfupa kilichotengewa nafasi yake kimepanda na kugota ukingo. Mbaya zaidi ni ncha. Kwa kuwa haigusi sakafu ya kikombe, inaning'inia hewani huku ikiwa imekabwa juu. Maji ya mwili na damu hushuka bila kurudi, ngozi inavimba, inakuwa nyeusi, inakakamaa kama gome la mti. Ya mjomba ilikuwa imefika hapo. Aliposhusha soksi, fundi hakusema neno kwa muda, akavuta kiti akakaa.

Kukonda nako si salama. Kikombe kinakuwa kikubwa, kigutu kinapanda na kushuka kama mchi kwenye kinu, na ngozi inachubuka. Ndiyo maana wenye miguu bandia huwa na soksi za ziada mfukoni: kigutu hupungua kidogo hata katika siku moja, na ikifika jioni huenda mtu akahitaji soksi mbili mahali pa moja. Soksi huweza kujaza pengo. Hakuna soksi ya kutoa mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa mguu haambiwi sana. Vipande vya mguu bandia hujaribiwa kwa kipimo cha kimataifa, ISO 10328, kwa madaraja ya uzito wa mtumiaji: kilo 60, 80, 100, na zaidi. Mtu akihama daraja, mguu wake haujui. Na shambani mzigo wa mkononi nao unaangukia pale pale. Mtungi wa lita 20 wa maziwa ni kilo 20 na kitu. Mwenye kilo 76 aliyebeba mtungi huo amekuwa mtu wa kilo 96 hadi atakapoutua.

Hivyo mguu ulipoanza kuuma, mjomba aliuweka chini ya kitanda. Ulikaa huko wiki sita. Kwa sababu hakutembea, akanenepa zaidi; kwa sababu alinenepa zaidi, siku alipoujaribu tena haukuingia kabisa. Hiyo ndiyo siku aliyosema umepungua.

Watu wa Keringet wana namna yao ya kuelewa jambo hili, na nashangaa kwamba hatuitumii. Vijiji vya hapa vimemkuza Faith Kipyegon, mwanamke aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo: Rio 2016, Tokyo 2021 na Paris 2024. Asubuhi yoyote barabarani utawaona vijana wanaomfuata nyayo, na hata bibi anayeuza kabichi anaweza kukueleza kwamba mkimbiaji bora ni yule anayetumia pumzi kidogo kwa mwendo ule ule. Basi mwaka 1976, Robert Waters, Jacquelin Perry na wenzao wa hospitali ya Rancho Los Amigos, California, waliwapima pumzi watu waliokatwa miguu wakiwa wanatembea. Walikuta kwamba mtu wa mguu bandia huchagua mwenyewe kwenda polepole, ili asichoke kuliko wengine, na kwamba kadiri mguu ulivyokatwa juu zaidi ndivyo kila mita inavyomgharimu zaidi. Kwa kawaida aliyekatwa chini ya goti hulipa robo ya ziada hivi, pengine zaidi kidogo au pungufu kidogo. Aliyekatwa juu ya goti hulipa nusu ya ziada na kupita.

Mjomba akipanda kilima cha nyumbani anakimbia mbio zake mwenyewe, basi, bila mtu wa kumpigia makofi. Ongeza kilo 8. Ongeza tope letu jekundu linalong'ang'ania gambuti, kwa maana uzito ulio mwisho wa mguu humchosha mtu mara kadhaa kuliko uzito huo huo ukiwa mgongoni. Tuliomwona akisimama kila hatua ishirini tulisema ni uzee.

Mguu uliobaki nao una habari zake. Unabeba zamu yake na sehemu ya zamu ya mwenzake, na maumivu ya goti upande huo mzima yanajulikana sana kwa waliokatwa mguu mmoja. Kwa wenye kisukari hatari ni kubwa zaidi, maana kilichokula mguu wa kwanza bado kiko mwilini. Sukari na uzito vikipanda pamoja, wayo uliosalia ndio unaongoja zamu. Wao wasibadili chakula kwa kukisia huku wakiendelea na dawa zile zile. Wazungumze na kliniki kwanza, na wayo huo ukaguliwe kila jioni, chini na katikati ya vidole.

Nisieleweke vibaya. Mtu mnene ana haki ya mguu kama mtu mwembamba, na watu wazito wengi hutembea vizuri wakipewa kikombe kinachowatosha na vipande vya daraja lao. Kumwambia mtu akapunguze kilo 15 ndipo arudi kutengenezewa mguu ni kumfungia mlango na kuondoka na ufunguo, kwa sababu kutembea ndiko kungempunguza. Fundi wetu hakufanya hivyo. Alitibu ncha kwanza, akachukua plasta upya, akatengeneza kikombe cha yule mzee aliyekuwa mbele yake. Kisha akamgeukia mke wa mjomba.

"Mama, mrudishieni mzee kazi zake."

Yeye akajibu jambo ambalo sijalisahau. "Mnataka majirani waseme namnyima chakula? Mtu aliyekatwa mguu?"

Fundi hakubishana naye. Akamuuliza ni kazi gani ya mzee inayomchosha yeye zaidi siku hizi. Akasema kukamua. Basi kukamua kukarudi kwa mjomba, kwa kigoda kirefu kilichotengenezwa na jirani ili goti lisikunjwe kupita kiasi. Kuku wakawa wake. Daftari la maziwa likawa lake, na pamoja na daftari, safari ya kwenda barabarani kila alfajiri, siku za kwanza kwa magongo mawili, baadaye kwa fimbo. Mto uliondolewa chini ya kigutu, kwa sababu goti likizoea kulala limekunjwa hukataa kunyooka, na mguu bandia hautembei na goti lililokunjwa. Badala yake hulala kifudifudi nusu saa mchana akisikiliza redio. Sukari ilishuka hadi kijiko kimoja. Hilo lilikuwa gumu kuliko kilima, na mkewe alilifanya kwa kupunguza taratibu, robo kijiko kwa wiki, bila kumwambia. Wageni wanakunywa tamu yao.

Kilichobaki kilikuwa kumpima. Zahanati ina mizani ndogo ya kupanda, nyembamba, inayoyumba kwa mtu wa fimbo. Mjomba mwenyewe ndiye aliyekumbuka stoo ya viazi, ambako mizani ni jukwaa pana la chuma lililo karibu sawa na sakafu. Kila mwanzo wa mwezi huwa tunaenda naye wakati magari hayajafika. Karani ni kijana tuliyemwona akikua.

Mara ya mwisho nilikuwepo. Mjomba alipanda akiwa amevaa mguu, akaniachia fimbo, akashika nguzo kidogo, kisha akaiachilia na kusimama wima hadi sindano ikatulia. Kilo 74. Karani akachukua kalamu.

"Subiri," akasema mjomba. "Toa gunia kwanza."

Akaketi juu ya magunia, akakunja suruali, akaufungua mkanda. Ncha ya kigutu ilikuwa imerudi rangi yake, ngozi laini. Nikauchukua mguu pamoja na kiatu chake, nikauweka peke yake katikati ya jukwaa, ukasimama. Kilo 2 na nusu. Karani akatoa, akaandika 71.5 kwenye kipande cha katoni kilichopigiliwa ukutani nyuma ya mlango, chini ya namba za miezi iliyotangulia. Mjomba akavaa soksi, akatafuta mfukoni ya pili, akaivaa juu yake, akaingiza kigutu, akasimama na kukanyaga mara mbili kusikiliza kama kimefika chini. Kilikuwa kimefika. Lori la kwanza lilikuwa linaingia kinyumenyume, na sisi tukatoka kulipisha.